Fimbo Mbili za Bwana Shamba

Fundi cherehani anayepanga nyumba ya pili kutoka kwangu hutia mafuta cherehani yake asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja na vitenge vyao. Harufu ile hunifikia nikiwa bado na mswaki mdomoni. Ni harufu nyembamba, tamu kwa mbali, yenye ubaridi wa chuma ndani yake. Nadhani watu wengi wakiinusa hukumbuka sare za shule au nguo za sikukuu. Mimi hukumbuka samaki, na hukumbuka kipindi fulani cha utoto wangu ambacho, nitawaambieni kweli, sikuelewa karibu kitu chochote kilichotendeka nyumbani kwetu.

Tuliishi Nachingwea, katika nyumba ya serikali yenye ukuta uliogeuka mwekundu kwa vumbi mpaka usawa wa kiuno changu. Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea ukingoni. Baba alikuwa bwana shamba. Kwao ni Mufindi, huko kwenye baridi na chai, akaletwa kusini kuwafundisha watu kupulizia salfa mikorosho yao. Kazi ilimzungusha Ruponda, Mtua na Naipingo juu ya pikipiki ya idara, na msimu wa dawa ukifika alirudi jioni akiwa wa njano kuanzia nyusi hadi viatu. Mama alikuwa Mmwera wa Ruangwa. Alipenda kutusimulia kwamba siku Baba alipokwenda kwao kujitambulisha alikuwa na fimbo zake mbili za kuvulia mgongoni, maana alipanga kupitia mtoni, na kaka yake Mama akauliza kwa upole kama huko Mufindi samaki huchapwa.

Fimbo zile alizipata ujanani. Katika mabwawa ya mashamba ya chai ya kwao kulikuwa na samaki wa kuletwa, mwenye mdomo mpana kama mfuko, ambaye wakubwa wa shamba walimvua kwa kujifurahisha tu, wakimtoa majini na kumrudisha. Baba aliwabebea mizigo na kuwatunzia vyombo. Mmoja wao alipohama alimwachia fimbo mbili na kile kigurudumu cha chuma kinachokunja mshipi. Baba alikiita mashine, nasi nyumba nzima tukakiita mashine, hata cherehani ya Mama ikabidi iitwe kwa jina lake kamili ili watu wasichanganyikiwe.

Fimbo moja ilikuwa ndefu, ya faiba ya rangi ya asali, yenye pete zinazong'aa. Ukiitazama tu ulijua ni fimbo ya bwana mkubwa. Ya pili ilikuwa fupi, nyembamba, nyeusi, kama kiboko cha mwalimu, na sikumbuki kama iliwahi kutoka kwenye misumari yake ukutani katika miaka yangu ya mwanzo. Jumamosi Baba alichukua ile ya asali, akanichukua na mimi, mtoto wake wa pekee wakati ule, tukaenda kwenye bwawa lililochimbwa zamani na Wazungu wa ule mradi wa karanga wa wakati wa ukoloni. Samaki wa mdomo mpana hakuwapo. Kulikuwa na perege na kambale, na watoto wenye fito za mianzi waliovua wengi kuliko sisi na kutucheka. Baba hakujali. Alifunga kizibo cha chupa kilichopakwa rangi nyekundu kwenye mshipi, akatupa mbali ambako mwanzi haufiki, tukakaa kukitazama kizibo. Kikizama, nilipiga makofi.

Tukirudi nyumbani ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Fimbo ilioshwa kwa maji safi na kufutwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Pale vipande viwili vinapoungana palisuguliwa mshumaa ili visigandane. Breki ya mashine ililegezwa, maana Baba alisema ukiilaza imekazwa inakuwa kama mtu aliyelala na mkanda. Kisha tone la mafuta ya cherehani, la kuibwa kwenye chupa ya Mama, moja tu kwenye ekseli. Likizidi linakaribisha vumbi, na Nachingwea vumbi halihitaji mwaliko. Mama alilalamika kwamba kisahani cha cherehani yake kinalia kama kifaranga wakati samaki wanapakwa mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu, na niliielewa vizuri kabisa.

Halafu mambo yakabadilika, na hakuna aliyeniambia.

Nadhani nilikuwa darasa la tatu. Jumamosi moja Baba aliziteremsha fimbo zote mbili, akazilaza juu ya mkeka na kukaa mbele yake muda mrefu. Aliishika ya asali, akaitikisa, akaiweka. Akaishika nyeusi, akaweka kidole chini yake kutafuta mahali inapojisawazisha, akafumba macho. Akaniambia nishike ncha ya mshipi na niuvute kidogo sana, kama samaki anayeonja. Nikavuta. Akatabasamu macho yakiwa yamefumbwa bado. Akasema fimbo hii inaongea, ile nyingine ni nzuri lakini ni bubu. Kuanzia siku hiyo tulikwenda na ile nyeusi, na fimbo ya asali ikabaki ukutani kama picha ya marehemu.

Kizibo chekundu nacho kilitupwa. Kizibo ni cha wavivu, alisema. Mimi niliyekuwa nimekaa naye tukikitazama tangu sijaota meno ya mbele nilijiona nimetukanwa, lakini sikujua kwa kosa gani.

Masomo yakawa ya ajabu. Alitaka niifungue mashine na kuifunga tena nimefumba macho, kila skrubu na springi ikipangwa kwenye sinia kwa mstari, naye akifanya hivyo hivyo baada yangu. Alinifundisha kupitisha pamba ndani ya pete za fimbo, maana penye ufa pamba hunasa hata kama jicho halioni kitu. Mshipi tuliupitisha kati ya midomo yetu kutafuta palipochubuka, tukiwa tumekaa hivyo wawili kama watu wanaopiga zumari moja. "Jicho ni shahidi," alisema, "lakini kidole ndicho hakimu." Nilidhani kuna mtihani. Nilidhani labda ananiandaa kwa shule fulani ya uvuvi huko mbali, na nilikuwa naogopa sana kufeli.

Na bwawani alianza kuniuliza. Alitupa ndoana, uzi ukaenda ukiimba, kisha akasema, "Imeangukia wapi, mama?" Ndivyo alivyoniita, mama. Nilimjibu: kushoto kidogo, karibu na magugu. Au: mbali, penye maji meusi. Alikunja uzi taratibu huku akisikiliza kwa kidole, na tulianza kupata kambale wengi kuliko zamani, jambo lililozidi kunichanganya, kwani inawezekanaje mtu akaacha kutazama ndipo apate.

Njiani aliweka mkono begani kwangu. Nilimwonyesha jiwe, alilipita. Nikisahau kumwonyesha, alijikwaa, na hakunigombeza.

Haya yangekuwa yetu wawili tu kama mji usingekuwa na macho. Watu walianza kusema kwamba Bwana Shamba siku hizi ana maringo. Alipita sokoni kati ya watu waliomsalimu kwa miaka yote, wakainua mikono, naye akaenda zake shingo imenyooka. Kwetu kusini mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini si kutosalimia. Mama muuza ming'oko, vile viazi vya porini, aliyezoea kunitilia vipande vya ziada, alinitazama siku moja, akafunga mfuko wangu bila kuongeza kitu. Kisha Baba akaiacha pikipiki ofisini akasema imeharibika, ilhali nilimwona mwenzake wa ofisini akiiendesha. Akaanza kwenda kwa wakulima kwa miguu, au kupakiwa kwenye baiskeli. Alikanyaga sufuria uani mchana kweupe. Alimpita mbuzi akamgonga, akamwomba radhi mbuzi.

Msimu wa mabibo ulipofika jibu likapatikana. Mabibo, kwa msiojua, ndilo tunda lenyewe la mkorosho, na maji yake yakichacha huwa uraka, kinywaji kinachoweza kumlaza mzee wa kanzu shimoni. Watu walisema Bwana Shamba anakunywa. Wenzangu shuleni wakaniita mtoto wa mlevi.

Basi nikaanza kumnusa. Alipoinama kuvua viatu nilisogeza pua. Alipolala mchana nilisimama karibu na mdomo wake. Nyumba ya jirani walitengeneza uraka, kwa hiyo niliijua harufu ile kama ninavyojua jina langu, na Baba hakuwa nayo. Alinuka chai, salfa na mafuta ya cherehani. Lakini watu wazima wote walisema anakunywa, na mimi nilikuwa mtoto. Nikafikiri labda kuna pombe isiyonuka, ya wasomi.

Jambo lililomchanganya Mama mwenyewe ni gazeti. Baba aliweza kusoma gazeti. Alilishika mbele ya uso akasoma mpaka maandishi madogo, kisha akanyanyuka na kukanyaga sufuria. Mama alisema mtu mwenye macho ya kusoma ana macho ya kusalimia watu. Baba akalikunja gazeti. Wakaanza kula bila kuzungumza, nami katikati yao nikipeleka maneno kama tarishi: mwambie baba yako chumvi iko pale, mwambie mama yako nimeiona.

Halafu akaanguka majini. Tulikuwa juu ya tuta la bwawa, nami nilikuwa nimeinama kutafuta nyungunyungu wa chambo. Alipiga hatua upande ambao hapakuwa na tuta. Alizama mpaka kifuani, akasimama kwenye tope, fimbo akiwa ameinyanyua juu ya kichwa ili mashine isilowe. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida ukingo uko upande gani, nikamwambia, akaja. Tulirudi nyumbani kwa njia ya sokoni, maana njia nyingine haikuwapo, yeye akichuruzika tope, mkono wake begani kwangu. Watu waliacha kupima maharage wakatutazama. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitisha zaidi.

Mama alituma salamu Ruangwa kwa dereva wa lori. Haukupita muda mrefu, lori hilo hilo likamleta kaka yake, Mjomba Bakari, amekaa mbele na dereva, kofia yake imenyooka kana kwamba vumbi linamwogopa.

Kwa Wamwera, mjomba siyo mgeni wa kuletewa soda. Ndiye mwenye neno. Mjomba Bakari alikuwa mnunuzi wa ufuta, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa sauti. Alikaa sebuleni alasiri ile, Baba mbele yake, Mama pembeni kwenye mkeka. Mimi nilisimama mlangoni na birika la chai kwa sababu hakuna aliyenifukuza. Mjomba alianza mbali, kwa mvua na ufuta, akazunguka kwa wagonjwa wa ukoo, ndipo akafika. Alisema ameyasikia ya sokoni, ya pikipiki na ya bwawani. Alisema hata yeye mwenyewe, stendi ya Ruangwa, alimnyooshea shemeji yake mkono kutoka pembeni, na shemeji akauacha mkono hewani mbele za watu. Aliuliza wamemkosea nini.

Baba alisema hawajamkosea.

"Basi niambie mwenyewe, shemeji. Unakunywa?"

Baba alikitazama kikombe chake. Aliweza kukiona, kilikuwa mbele yake kabisa.

"Ndiyo," alisema. "Nakunywa."

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Niliwahi kusikia watu wakimsingizia Baba, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kujisingizia. Birika lilikuwa linaniunguza na sikuliweka chini. Mjomba akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba aliyoitarajia. Akasema basi dada yake na mtoto watarudi naye Ruangwa, mpaka Bwana Shamba atakapojirekebisha. Alisema bila hasira. Mama hakupinga. Alikuwa anafumua uzi kwenye pindo la kanga yake, na Baba akaitikia kwamba hayo ni maneno ya haki.

Nadhani Mjomba aliniona nimeduwaa, akataka kunipoza. Akanigeukia akasema mambo ya kwenda bwawani kumchunga mlevi sasa yamekwisha, na kwani mtoto wa kike kazi yake ni nini huko kutwa nzima.

"Mimi ni wa kumwambia," nilisema.

"Kumwambia nini?"

"Imeangukia wapi. Baba akitupa haoni imeangukia wapi, namwambia. Na njiani namwambia mawe."

Nilidhani namjibu tu. Hata sasa nikikumbuka najua sikukusudia kitu kingine.  Lakini Mjomba Bakari alimkazia Baba macho. Kisha akavua kofia yake, akainyoosha taratibu mpaka ikawa pembeni ya uso wa Baba, karibu na sikio, akaipunga. Baba aliendelea kukitazama kikombe. Mjomba akaipunga tena. Mama aliyaona yote mawili, kofia inapepea na mume wake hageuki, na akatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu aliyenyanyua mzigo akakuta ni mzito kuliko alivyodhani.

Baba akajua. Alifumba macho.

Nilisubiri kuchapwa. Niliamini nimesema tusi, moja ya yale maneno ambayo watoto huyasema bila kuyajua maana. Badala yake Mjomba alihama kiti, akakaa bega kwa bega na Baba, akauchukua mkono wake na kuushika, akabaki ameushika. Hakuna aliyetaja tena Ruangwa. Baadaye Mjomba akaomba chai, nikamimina vikombe vyote, na hakuna aliyekunywa.

Siku zilizofuata zilinichanganya kuliko zote zilizotangulia. Mama aliyekuwa hazungumzi na Baba sasa alimsemesha kutwa. Mjomba aliyekuja kutuchukua akakaa, akatulimia bustani. Muuza ming'oko alikuja mpaka nyumbani na kapu zima, akamlilia Mama. Na watu sokoni wakaanza kumwita Baba kutoka mbali kwa sauti kubwa, kila mtu akijitaja jina kabla ya shikamoo, nami nikawa nataka kuwaambia kwamba Baba si kiziwi.

Alipelekwa hospitali ya misheni. Wakasema ni presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula pembeni na kuacha katikati, ndiyo maana gazeti lilisomeka na mbuzi hakuonekana. Wakampa dawa ya matone ya kuuchelewesha. Kilichokwisha kupotea, walisema, hakirudi. Haya nilikuja kuyajua nikiwa mkubwa. Wakati ule niliambiwa tu kwamba macho ya Baba yamechoka, na nikafikiri kumbe yatapumzika.

Aliacha kazi kabla ya wakati, tukahamia Ruangwa wote watatu, kwa ndugu za Mama. Fimbo ya asali alimpa yule mwenzake wa ofisini aliyeendesha pikipiki, akaja na nyeusi. Alikuwa na kitalu cha miche ya mikorosho nyuma ya nyumba, akaibebesha, yaani kuipandikizia vikonyo vya mikorosho bora, kwa vidole, na watu wakaja kununua. Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa nasoma sekondari ya bweni, na nikirudi likizo nilikuta kila mara ameona kidogo kuliko likizo iliyopita.

Likizo moja nilikwenda naye kwenye bwawa la kijiji. Mjini simu za mkononi zilikuwa zimeanza, vijana wakiongea Kiswahili cha Dar, lakini pale palikuwa kimya. Alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga. Nilikuwa na umri wa kuthubutu, nikamuuliza kwa nini siku ile alikubali kwamba anakunywa.

Alivuta mshipi kidogo, akausikiliza, akauacha.

"Mlevi huambiwa aache," alisema. "Kipofu huambiwa nini?"

 Alisema siku zile aliogopa sana, na kwamba hofu ile ilimfanya mjinga. Aliogopa kazi, aliogopa nyumba ya serikali, lakini zaidi aliogopa kuwa mtu ambaye watu hushusha sauti anapoingia. Mlevi bado ni mwanamume mwenye tabia mbaya, na tabia hurekebishika. Alikuwa tayari kutupoteza kwa muda akiwa mlevi kuliko kubaki nasi akiwa mzigo. Alisema hivyo kama anavyoeleza wadudu wa mikorosho, bila kujihurumia.

Nikamuuliza basi kwa nini hakumwambia hata mtu mmoja.

"Nilikuambia wewe," alisema. "Kila Jumamosi nilikuwa nakuambia."

Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Lile somo la kufumba macho, lile swali alilouliza kila alipotupa, mimi niliyachukua kuwa masharti ya uvuvi na nikahangaika nisifeli. Kumbe mtu mzima alikuwa anasema siri yake kwa sauti, mchana, mbele ya mtoto aliyemwamini kwa sababu mtoto huyo hakuwa na uwezo wa kuielewa. Na mimi nikaitoa sebuleni.

Nilimuuliza hilo pia, pale pale ukingoni: siku ile nilimwokoa, au nilimvua nguo mbele ya shemeji yake? Aliugusa mshipi kwa kidole kimoja, nikadhani samaki anamgusa.

"Yote mawili, mama," alisema.

Kisha akaniuliza kama maji yamepungua kuliko mwaka jana, na kama wenye mashamba ya upande wa pili wameanza kuchoma majani. Nikamweleza.